Stesheni ya Pugu: tupeane uzoefu, wa zamani na wa sasa

Wakuu, habari zenu. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati hapa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Hayo yameandikwa sana. Ya Pugu, stesheni ndogo ya pembezoni mwa jiji, wanayo waliopandia na kushukia pale, na wazee wanazidi kututoka. Wewe ulishukia Pugu kufuata nini?

*Mnyamwezi_wa_Ukonga:* Shule. Nilitoka Tabora kwenda kuanza kidato cha tano Pugu Sekondari, ile St. Francis ya zamani ambako Mwalimu Nyerere alifundisha mpaka alipojiuzulu 1955. Treni haikukaa sana pale. Mmoja wetu alitangulia chini, waliobaki wakampitishia matranka dirishani. Halafu kila mtu kichwani na lake, mlima mpaka bwenini.

*Mtoto wa Mnadani:* Sisi tulifuata mnada. Marehemu baba alikuwa akileta ng'ombe kwa mabehewa kutoka Shinyanga. Msindikizaji alisafiri nao, na kazi yake kubwa ilikuwa kuwainua wanaolala, maana ng'ombe akishalala behewani wenzake humkanyaga hadi afe. Kijana wa kazi hiyo hakupata usingizi njia nzima. Wakishateremshwa Pugu, baba hakuwa na haraka ya kuuza. Ng'ombe wa safari amekonda na tumbo limeingia ndani, mnunuzi akimwona hivyo anakupangia bei yake. Kwanza maji, majani, apumzike. Waliokuwa na madeni hawakuweza kusubiri, na hao ndio walioumia.

*Mama Genge:* Mimi ni wa juzi tu. Treni ya Ubungo, tuliyoiita ya Mwakyembe, waziri wa uchukuzi wa wakati ule, ilianza 2012. Ya Pugu ikaja 2016. Nilikuwa nikienda Kariakoo kuchukua bidhaa, na foleni ya Barabara ya Nyerere ilikuwa inanimaliza. Kwenye behewa letu tulizoeana tukaanzisha mchezo wa kupeana pesa. Zamu yangu ilipofika nikafungua genge. Nawashukuru wale wanawake mpaka leo.

*Mleta mada:* Asanteni sana. Mtoto wa Mnadani, mabehewa ya ng'ombe mliyaona kwa mara ya mwisho lini? Na ambaye mzazi wake alikuwa stesheni masta au fundi wa njia Pugu, kabla au baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977, tafadhali aandike. Mkiwa na picha, wekeni.