Naomba ushauri: abiria wanaona sura ya zamani ya tovuti, je, nihamie Vite?

Mwanagenzi_Dom

Habari za jioni, wanajamvi. Ninatunza mfumo wa kukatia tiketi wa kampuni moja ya mabasi ya mikoani. Umeandikwa kwa Laravel, kiunzi cha kujengea tovuti kwa lugha ya PHP, na faili zake zote za mitindo na skripti zinafungashwa kwa Laravel Mix kuwa faili mbili tu, app.css na app.js. Ijumaa nilipandisha kwenye seva toleo jipya lenye ramani mpya ya viti. Tangu siku hiyo abiria waliowahi kutumia tovuti wanaona viti vimepandana na kitufe cha kulipa hakifanyi kazi wakikibonyeza, ilhali kwenye kompyuta yangu kila kitu kiko sawa. Nimesoma kwamba tangu katikati ya mwaka 2022 Laravel iliacha kutumia Mix kwa miradi mipya ikachukua Vite, chombo kingine cha kufungasha, nami nimekwisha kuanza kuhamisha kazi yote huko. Je, Vite itaondoa tatizo hili, na naweza kumaliza kabla ya shule kufungwa wiki ijayo, abiria wasije wakaanza kumiminika?

Kipanga84

Mkuu, hama bila kusita. Mix imejengwa juu ya webpack, chombo kingine cha kufungasha, na mimi niliteseka nayo miaka mitatu katika mradi ambao kila nikibadilisha rangi ya kitufe nilisubiri karibu dakika mbili kuona matokeo. Vite, aliyoianzisha Evan You mwaka 2020, haifungashi kila kitu wakati fundi yuko kazini. Inakipa kivinjari moduli moja moja kadiri kinavyoziomba, na kufungasha kunafanyika mara moja tu, wakati wa kuandaa toleo la seva. Tangu nihame sijawahi kutamani kurudi.

BintiUngule

Kipanga, hayo yote ni kweli, lakini umejibu habari ya kasi ya fundi wakati mleta mada ana shida ya abiria. Ndugu Mwanagenzi, kabla hujagusa chombo kipya naomba majibu ya maswali matatu. Katika kiolezo cha Blade, yaani faili ya Laravel inayotoa HTML ya ukurasa, unaziita faili hizo kwa asset(), inayotoa jina lilelile siku zote, au kwa mix(), inayosoma jina kutoka orodha ya Mix? Seva yako inakiambia kivinjari kizitunze kwa muda gani? Na hiyo kompyuta yako, huwa unaijaribia tovuti huku umezima kache, yaani nakala za faili ambazo kivinjari hujitunzia?

Mzee_wa_Seva

Niruhusuni kurudi nyuma kidogo, kwa sababu vijana wengi hawajui kwa nini tulianza kufungasha. Chini ya HTTP/1.1, toleo la zamani la kanuni za mawasiliano ya kivinjari na seva, kivinjari kilifungua miunganisho ipatayo sita tu kwa kila seva, na mimi nilikuwa na ukurasa wenye skripti 23, kwa hiyo ya saba na kuendelea zilipanga foleni kama watu wa kisimani. Ndipo tukaziunganisha zote kuwa moja. HTTP/2 ilipoidhinishwa mwaka 2015, faili nyingi ziliweza kupita pamoja katika muunganisho mmoja, na tangu hapo kwa mifumo midogo sioni sababu kubwa ya kufungasha.

Mwanagenzi_Dom

Asanteni. Ninatumia asset(), na ni kweli kwamba kache huwa nimeizima ninapofanya kazi. Kuhusu seva, haina tatizo, kwa sababu niliirekebisha mwenyewe mwezi uliopita ili kuongeza kasi, na tangu hapo tovuti imekuwa nyepesi sana. Nadhani turudi kwenye Vite.

BintiUngule

Uliirekebisha nini hasa? Tafadhali bandika mistari yenyewe.

Mwanagenzi_Dom

Katika nginx, programu inayoendesha seva yetu, niliagiza kila faili ya CSS na JavaScript itoke na Cache-Control, yaani agizo kwa kivinjari kuhusu kuitunza faili, yenye max-age=31536000 pamoja na immutable. Sikufanya kwa uzembe. Abiria wetu wengi wananunua intaneti kwa vifurushi vidogo vya siku, na app.js peke yake ina kilobaiti 640. Kumlazimisha mtu aipakue upya kila anapotafuta gari la kwenda Singida ni kumla fedha yake. Bado naamini uamuzi ule ulikuwa sahihi. Niseme pia kwamba nimekwisha kumweleza meneja kuwa chanzo ni mtandao wa simu, kwa hiyo ningependa suluhisho lisilohitaji maelezo mengine.

BintiUngule

Sasa tumefika. Sekunde 31536000 ni siku 365. Umekiambia kivinjari cha kila abiria kwamba app.js haitabadilika kwa mwaka mzima, kisha Ijumaa ukaibadilisha bila kubadilisha jina lake. Ukurasa wa HTML unatoka seva ukiwa mpya, una viti vipya, lakini unavalishwa mitindo ya zamani na kuendeshwa na skripti ya zamani isiyokijua kitufe kipya. Ukipunguza muda huo leo, hutawasaidia waliokwisha kuitunza faili, kwa sababu vivinjari vyao havina haja ya kuiuliza seva yako chochote.

Huruma yako kwa vifurushi vya abiria ni nzuri, na mwaka mmoja si kosa hata kidogo, mradi jina libadilike kila yaliyomo yanapobadilika. Vite ingekuponya, maana inatia katika jina la faili hashi, yaani alama fupi ya herufi na tarakimu inayotokana na yaliyomo, lakini Mix uliyo nayo inaweza kufanya kazi hiyohiyo leo usiku. Ongeza mix.version() katika webpack.mix.js, kisha katika kiolezo badilisha asset() iwe mix(). Anwani ya kila faili itapata, baada ya alama ya kuuliza, mkia wa id mpya ulioandikwa katika mix-manifest.json, na kwa kivinjari hiyo ni anwani ambayo hakijawahi kuiona. Vite ifuate shule zikishafunguliwa.

Pwani_Kusini

Mimi linaloniuma ni la meneja. Mdogo wangu, kuna kijana wa huduma kwa wateja pale anayepokea simu za abiria na kuwaambia wabadilishe laini, naye anaamini anasema kweli. Mweleze meneja wako mapema, tena wewe mwenyewe, kabla hajaelezwa na mwingine.

Nyuki_Mkali

Samahanini, nina shaka kwamba tunanyweshwa chai. Jana katika jukwaa la Laravel huyuhuyu Mwanagenzi aliandika kwamba abiria aliyenunua simu mpya kabisa naye amekuta viti vimepandana. Simu mpya haina faili ya zamani. Maelezo ya BintiUngule ni mazuri, lakini hayawezi kuwa kweli pamoja na kisa hicho. Ama abiria yule ni wa kutunga, ama kisa chote.

Kipanga84

Nami nilishangaa mtu kufikisha kilobaiti 640 kwa ramani ya viti. Mleta mada, toa ushahidi au uzi ufungwe.

Mwanagenzi_Dom

Sikutunga kitu, na imeniumiza kusoma hivyo. Abiria huyo yupo, na kwa kweli ndiye aliyenifanya niikimbilie Vite, kwa kuwa sikuweza kumweleza hata kwangu mwenyewe. Kilobaiti hizo ni kwa sababu jQuery na maktaba mbili za kalenda zimo humohumo. Jambo ambalo sikulitaja ni kwamba siku ileile nilipobadilisha nginx, niliweka pia mtandao wa kusambaza faili mbele ya seva.

Nyuki_Mkali

Basi naondoa shaka yangu na ninakuomba radhi. Mtandao wa namna hiyo una vituo vingi, na kila kituo hutunza nakala yake kwa kufuata agizo lako la mwaka mmoja. Kituo kilichokwisha kuombwa app.js kabla ya Ijumaa kinaendelea kutoa ile ya zamani hata kwa simu mpya. Kisichokuwa nayo kinachukua mpya. Futa nakala za huko, na uhakikishe hukuuagiza upuuze kinachofuata alama ya kuuliza katika anwani, vinginevyo mkia wa id hautasaidia.

Mzee_wa_Seva

Na utakapohamia Vite, jihadhari na jambo lililonipata katika mfumo wa matokeo ya shule moja. Kwa kawaida Vite husafisha folda ya zamani kabla ya kuandika toleo jipya. Wazazi waliokuwa wamefungua ukurasa tangu asubuhi walibonyeza kuona alama, kivinjari kikaomba kipande cha skripti chenye jina la jana, nacho kilikwisha kufutwa. Tangu siku ile naacha faili za matoleo yaliyopita zikae kwenye seva siku kadhaa.

Mwanagenzi_Dom

Nimetekeleza mabadiliko yote mawili saa tatu usiku na kufuta nakala za vituoni. Simu ya kondakta mmoja, ambayo tangu Ijumaa ilikuwa ikionyesha viti vimepandana, imefungua ukurasa sawasawa bila kufutwa kitu chochote, na tiketi ya majaribio imelipiwa. Simu ya yule abiria mpya bado sijaifikia. Sasa hivi ninamwandikia meneja.