Naomba ushauri: Linux inakwama kuwaka mara mojamoja tu

Habari wakuu. Nina kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya Linux niliyoijenga mwenyewe. Nikiiwasha kwenye mashine pepe ya QEMU (programu inayoigiza kompyuta), hukwama kama mara 1 kati ya 200, kimya kabisa, kabla systemd (programu inayoanzisha huduma za mfumo) haijaanza. Skripti yangu huiwasha, husoma ujumbe wake kupitia ttyS0 (mlango wa serial), na kuizima zikipita sekunde 60.

Kinachonisumbua ni git bisect, yaani kusaka badiliko lililoleta hitilafu kwa kugawa matoleo nusu kwa nusu na kupima kila moja kama ni zima au bovu. Hata ikiwaka mara 600 bila kukwama, bado kuna uwezekano wa karibu asilimia 5 kwamba toleo ni bovu, na kosa moja linapoteza msako wote. Wikiendi mbili zimeshaenda hivyo!

Niongeze hadi mara 1,000 kwa kila toleo, au niwashe mashine nyingi kwa pamoja? Nahofia prosesa ikielemewa, kuchelewa kutaonekana kama kukwama. Aliyewahi kupitia hili anielekeze tafadhali.