Barua ya wakili kutoka Dublin kuhusu habari niliyoichapisha nikiwa Nairobi: je, sheria ya Ireland inanifikia?

Mwanahabari wa Umoja

Hamjambo wanajamvi. Naendesha tovuti ndogo ya habari za Wakenya walio ughaibuni, nikiwa hapa Nairobi. Miezi michache iliyopita nilichapisha habari kuhusu Wakenya wanaoishi Dublin waliochangisha pesa za kusafirisha mwili wa mwenzao hadi nyumbani. Sehemu ya mchango ilichelewa kuifikia familia, na maswali yakaanza kuulizwa ndani ya kundi lao la WhatsApp. Mmoja wao alinitumia picha za skrini za mazungumzo hayo, nami nikaziweka kwenye habari pamoja na jina la mweka hazina, ambaye nilikuwa nimempigia simu kabla ya kuchapisha lakini hakupokea.

Sasa nimepokea barua ya mawakili wake wa Dublin. Wanadai kwamba nimemharibia jina na pia nimeingilia faragha yake, na wanataka niiondoe habari, niombe radhi, nilipe gharama zao na niwatajie aliyenipa picha hizo. Ningependa kujua kama mahakama ya huko ina mamlaka juu yangu na, ikiwa kila nilichoandika ni kweli, kosa langu liko wapi. Suala la faragha ndilo linalonitatiza zaidi, kwa sababu nimeisoma katiba yao na sikuona kifungu kinachofanana na Kifungu chetu cha 31.

Mdau wa Milimani

Ndugu, pole kwa usumbufu. Nitajibu kwa jumla tu, maana ushauri kamili unahitaji wakili aliyeiona barua yenyewe.

Kwa sheria ya Ireland, maneno huhesabiwa kuwa yamechapishwa mahali yaliposomwa. Kama habari yako ilisomwa Dublin, na kwa hakika ilisomwa kwa kuwa wasomaji wako wako huko, mlalamikaji anaweza kuiomba Mahakama Kuu ya Ireland ruhusa ya kukupelekea hati za kesi ukiwa Nairobi. Kushinda kesi na kulipwa ni mambo mawili tofauti, hata hivyo. Sheria yetu ya Sura ya 43, inayohusu utekelezaji wa hukumu za nchi za kigeni, ina orodha ya nchi ambazo hukumu zake husajiliwa hapa moja kwa moja, zikiwemo Uingereza, Uganda, Tanzania na Rwanda. Ireland haimo katika orodha hiyo. Kwa hivyo mwenye hukumu ya Dublin atalazimika kufungua kesi mpya hapa na kuitumia hukumu ile kama msingi wa dai lake. Usilegeze kamba kwa sababu hiyo, kwani hakuna kinachomzuia kukushtaki Nairobi moja kwa moja chini ya Sheria ya Kashfa (yaani kumharibia mtu jina), Sura ya 36, ilimradi miezi 12 tangu kuchapishwa haijapita. Ireland nako muda ni mwaka mmoja, ingawa mahakama inaweza kuuongeza hadi miwili.

Kuhusu ukweli, Sheria ya Kashfa ya Ireland ya mwaka 2009 inaukubali kuwa utetezi kamili, lakini mzigo wa kuuthibitisha unakuangukia wewe. Mlalamikaji halazimiki kuthibitisha kwamba ulidanganya. Jiulize basi ni nini hasa unachoweza kukithibitisha mbele ya jaji. Kwamba pesa zilichelewa, bila shaka unaweza. Lakini ikiwa msomaji wa kawaida atamaliza habari yako akiamini kwamba mweka hazina alizila, utatakiwa kuthibitisha kwamba alizila, hata kama neno hilo hukuliandika popote. Hapo ndipo waandishi wengi huanguka.

Ukali huu una mizizi katika katiba yao ya mwaka 1937. Kifungu cha 40.3.2 kinaitaka dola ilinde jina jema la kila raia, na kinalitaja pamoja na uhai na mali. Uhuru wa kujieleza umo pia, katika Kifungu cha 40.6.1, ila umezungushiwa masharti kiasi kwamba hadi mwaka 2018 kifungu hicho hicho kilitaka kukufuru kuwe kosa la jinai. Wananchi waliliondoa sharti hilo kwa kura ya maoni mwezi Oktoba mwaka huo.

Bi. Mhariri Mstaafu

Mwanangu, Mdau amekueleza vyema habari ya kashfa. Mimi nitashika la faragha, kwa sababu ndilo lenye hatari zaidi kwako na ndilo ambalo ukweli haukusaidii hata kidogo. Jambo la siri likiwa kweli, kulitangaza kunaumiza zaidi.

Ni sahihi kwamba neno faragha hulioni katika katiba yao. Haki hiyo ilijengwa na majaji, wakisema kwamba imo ndani ya haki za mtu binafsi ambazo Kifungu cha 40.3 kinazilinda bila kuzitaja zote. Mwaka 1973 Mahakama ya Juu iliitambua faragha ya wanandoa katika kesi ya McGee, iliyohusu dawa za kuzuia mimba. Kisha mwaka 1987 ikaja kesi iliyotugusa sisi wanahabari. Serikali ilikuwa imenasa simu za waandishi wawili wa siasa, Geraldine Kennedy na Bruce Arnold, na Mahakama Kuu ikaamua kwamba kila mmoja wao alipwe fidia ya pauni 20,000. Kwa hiyo faragha iliyomlinda mwandishi dhidi ya dola ndiyo hiyo hiyo ambayo mweka hazina wako anaielekeza kwako leo. Serikali yao iliwahi kuleta muswada wa faragha mwaka 2006, vyombo vya habari vikaupinga, na haukuwahi kuwa sheria.

Nimeifungua habari yako na kuzitazama zile picha. Ya pili inaonyesha nambari ya simu ya mjane nzima nzima, na chini yake kuna ujumbe wa mtu mwingine kabisa anayeeleza maradhi ya marehemu. Pembeni, picha ya wasifu ya mweka hazina inamwonyesha akiwa amempakata mtoto. Niambie, ni kipi kati ya hivyo kilichohitajika ili msomaji aelewe kwamba mchango ulichelewa? Kuuliza pesa za watu zilikwenda wapi ni jambo lenye manufaa kwa umma, na nitalitetea popote. Maradhi ya marehemu na sura ya mtoto hayamo katika manufaa hayo. Kifungu cha 26 cha sheria ile ya 2009 kinampa mwandishi utetezi wa uchapishaji wa haki kwa manufaa ya umma, na mahakama huangalia mambo kama vile jitihada ulizofanya kumpata mlalamikaji ili utoe upande wake. Simu moja isiyopokelewa ni jitihada hafifu, hasa katika zama hizi za ujumbe wa maandishi.

Kuhusu chanzo chako, usimtaje. Lakini usifute chochote pia. Huyo huyo Bi. Kennedy, alipokuwa mhariri wa The Irish Times mwaka 2006, alichapisha pamoja na mwandishi Colm Keena habari za pesa alizopewa Waziri Mkuu Bertie Ahern, zikitokana na nyaraka za siri za tume ya uchunguzi. Walipoamriwa kuzitoa, waliziharibu. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ilikataa kuwalazimisha kujibu maswali kuhusu chanzo chao, ila gazeti likabebeshwa gharama za kesi kwa sababu ya kuziharibu.

Mkenya wa Dublin

Mimi niko huku, na naomba niongeze upande wa fedha, kwa kuwa ndio unaowatisha watu kuliko sheria yenyewe. Kesi za kashfa katika Mahakama Kuu ya huku zimekuwa zikiamuliwa na juri, yaani jopo la raia wa kawaida, na juri ikikasirika haihesabu senti. Mwaka 2009 ilimpa mlalamikaji mmoja euro 1,872,000 dhidi ya kampuni ya magazeti, Mahakama ya Juu ikazipunguza hadi 1,250,000, na mwaka 2017 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikaamua kwamba hata hivyo uhuru wa kujieleza ulikuwa umekiukwa. Muswada wa mwaka 2024 ulipendekeza kuiondoa juri katika kesi hizi. Kwenu Nairobi jaji huamua peke yake, kwa hiyo mlalamikaji mwenye hesabu nzuri atapenda kushtaki huku.

Sikubaliani kikamilifu na Bi. Mhariri, kwa heshima zote. Mweka hazina wa mchango wa mazishi si waziri. Alijitolea, halipwi, na anafanya kazi ya zamu za usiku. Hata jina lake lilihitaji sababu. Kundi lile lina watu wachache wanaofahamiana, na waliposema yale waliamini wanasemezana wenyewe.

Bi. Mhariri Mstaafu

Mwanangu wa Dublin, anayeshika pesa za watu hujibu kwa watu, awe analipwa au halipwi. Jina lake lingebaki. Ningeondoa picha zote.

Mwanahabari wa Umoja

Nawashukuru. Picha nimeziondoa leo, ila nakala halisi nimezihifadhi. Je, nikiomba radhi kwa sababu ya picha hizo, sitakuwa nimekiri kashfa pia? Na je, sheria za kulinda data zinanihusu?

Mdau wa Milimani

Kwa Ireland, sheria ya 2009 inasema wazi kwamba kuomba radhi si kukiri kosa katika kesi ya kashfa, na kunaweza kupunguza fidia. Hapa kwetu maneno yachaguliwe kwa uangalifu zaidi: omba radhi kwa picha pekee, na uandike kwamba barua yako ya radhi haiathiri utetezi wako mwingine. Mwombe pia mweka hazina atoe maelezo yake, na uahidi kuyachapisha.

Kuhusu data, sheria yetu ya mwaka 2019 imewawekea wanahabari msamaha katika kifungu cha 52, na Ireland wana unaofanana nao katika kifungu cha 43 cha sheria yao ya 2018. Misamaha yote miwili inategemea manufaa ya umma, kwa hiyo unarudi pale pale kwenye nambari ya mjane. Kamishna wetu wa Data si wa mchezo: Septemba 2023 klabu moja ya burudani hapa Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Kabla hujajibu Dublin, mpigie mjane huyo na umweleze kwamba nambari yake ilionekana, kwa sababu yeye hajakuandikia barua yoyote na ana dai zito kuliko la mweka hazina.