Mkulima anaambiwa ukame kauleta yeye na shoka lake! Nani anafundisha hivi?

Wakuu, leo nina hasira na sizunguki. Semina za mabadiliko ya tabianchi katika nchi zetu maskini zimekuwa wimbo uleule: msikate miti, acheni mkaa, pandeni miche. Bango ukutani lina ardhi iliyopasukapasuka na mtu kashika shoka. Basi, imeisha hiyo. Makaa ya mawe hayatajwi, wala mafuta, wala gesi. Kwamba hewa ukaa, yaani gesi inayotoka tukichoma vitu hivyo na kuzuia joto lisitoke duniani, iliyotoka kwenye viwanda vya nchi tajiri tangu karne ya 19 nyingine bado iko angani mpaka leo, kimya! Mkulima anarudi kwake akiamini ukame ni kosa lake, wakati Afrika nzima haifikishi hata asilimia 5 ya hewa ukaa inayotokana na kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi duniani. Misitu ni muhimu, sibishi. Ila kumpa mtu nusu ya maelezo, tena ile nusu inayomtia hatiani, ni kumdhulumu.

Redioni ndiyo usiseme. Mtangazaji anatamka kwamba joto limezidi kwa sababu ya tundu la ozoni (ozoni ni gesi ya angani inayotukinga na miale hatari ya jua), na mtaalamu aliyealikwa anaitikia "ni kweli kabisa". Si kweli! Ozoni ni tatizo lingine, lina mkataba wake, wa Montreal wa 1987, wa kudhibiti kemikali zinazoiharibu. Joto hili linatokana na gesi kama hewa ukaa, zinazozuia joto la ardhi lisitoke.

Halafu haohao waandaaji wa semina wanaandika kwenye ripoti kwamba wananchi "hawana uelewa". Wataupata wapi? Gallup, shirika la kura za maoni, walipouliza watu mwaka 2007 na 2008, India na Bangladesh zaidi ya asilimia 65 ya watu wazima hawakuwahi hata kusikia habari za mabadiliko ya tabianchi. Na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mabadiliko ya tabianchi wa 1992, ibara ya 6, unazitaka serikali zielimishe umma. Miaka yote hiyo!

Msiniambie watu hawaoni. Muulize mama yeyote anayelima kwa kutegemea mvua: atakueleza ilivyonyesha wiki moja, akapanda, ikakata, mbegu zikafia ardhini, akanunua tena. Anachokosa ni mtu wa kumweleza chanzo kwa lugha anayoielewa, bila kumtwisha lawama.

Wadau mnaoandaa hizo semina, najua humu mmo. Jibuni: kwa nini makaa ya mawe, mafuta na gesi havimo kwenye mabango yenu? Mnaogopa kumuudhi nani?