Kuhama leni kwenye haiwei: mnajuaje nafasi inatosha?

Leseni_Mbichi
Wakuu habari zenu. Nina leseni miezi minne sasa, barabara za kawaida naendesha freshi tu ila haiwei kuhama leni ndo kunanitesa. Juzi nilikuwa nyuma ya trela, nikawasha indiketa nikacheki kioo cha pembeni, gari ya nyuma naiona kadogo huko mbali, nikaingia. Haijapita muda honi hiyo, taa zimejaa kioo kizima, jamaa kakanyaga breki mpaka pua ya gari imeinama. Sasa nyie mnapimaje, mnahesabu mita au mnaenda kwa roho tu? Mke wangu akikaa pembeni anasema ingia mimi nasema bado, tunazeeka nyuma ya trela.

Suka Mkongwe
Umepima umbali hujapima spidi. Gari ikiwa mita 50 nyuma na wote mnatembea 100 unaingia huku unapiga mluzi, ile nafasi haipungui. Ila wewe ulikuwa 80 nyuma ya trela na yeye tuseme anakuja 115, hapo kila sekunde anakula karibu mita 10, hizo 50 zinaisha kwa sekunde 5 na kuhama leni kwenyewe bila kukata kona kali kunakula sekunde kama 4 au 5. Fanya hesabu mwenyewe.
Mimi natazama kioo, narudisha macho mbele, moja, mbili, natazama tena. Gari imebaki saizi ileile basi mnaenda sawa, imevimba muache apite. Usikikodolee kioo moja kwa moja, aliye mbele yako akishika breki unamvaa.

mama_gia
Halafu hicho kioo cha pembeni kina tumbo kaka, kimebinuliwa makusudi kionyeshe eneo kubwa kwahiyo kila kitu kinakuwa kidogo na kinaonekana mbali kuliko kilipo. Cha ndani kimenyooka, hicho hakidanganyi. Mimi gari naianzia kwenye cha ndani, nikiiona sura yote na taa zake mbili pamoja na lami mbele yake, ndo naenda cha pembeni, mwisho nageuza shingo maana kuna sehemu pale ubavuni kioo chochote hakioni. Na pikipiki muiogope, udogo wake unakufanya udhani iko mbali, usiku ndo balaa, gari ikisogea unaona taa mbili zinaachana, pikipiki ina taa moja utapimia nini?

Jongoo 4x4
Mnamtisha bure, washa indiketa ingia watakupisha

Suka Mkongwe
@Jongoo indiketa ni kuomba, siyo kibali. Na huyo jamaa wa juzi kampisha, kwa breki.

Leseni_Mbichi
Asanteni, kumbe kioo nacho kinanichezea. Ila mkuu nikisubiri ambaye hajavimba sitoki, wote leni ile wanakimbia kuliko mimi.

Suka Mkongwe
Kwa sababu umeiganda trela matakoni. Ukikaa pale huna pa kuchanganyia mwendo, mpaka uhame ndo uanze kukanyaga mafuta, yaani unaingia leni ya 110 ukiwa na 80 yako. Rudi nyuma, achia hata sekunde 3 au 4. Ukiona gepu linakuja, anza kuongeza spidi ukiwa bado leni yako, huku indiketa inawaka, ukifika usawa wake mwendo wako unakaribiana na wao na gepu lilelile lililokuwa dogo linakutosha. Usisahau na gari ya mbele kule unakoingia, wengi tunaangalia nyuma tu.

Leseni_Mbichi
Nikiachia hivyo si watachomekea wote mbele yangu?

mama_gia
Watachomekea ndio, mmoja wawili, unaachia tena. Kila mmoja kakuchelewesha kama sekunde 2, na trela kwa wiki hii ushaipa masaa mangapi?