Tupeane uzoefu: pikapu ya mtumba inagonga chini ukiachia klachi. Wewe ulikuta nini?

Mleta mada, Morogoro

Wakuu, heshima kwenu. Nafungua uzi huu kwa sababu kishindo hiki kimenila hela kwa miezi mitano, na nina hakika kuna mwenzangu leo yuko gereji analipia kitu ambacho si kibovu.

Gari ni Hilux dabo kabini ya 2008, injini 2KD, gia za mkono. Nilinunua kwa mtu ambaye aliifanyisha kazi za shamba. Siku ya kuijaribu tulizunguka mtaani redio ikiwa imewashwa, sikusikia kitu. Wiki ya kwanza nyumbani ndipo ikaanza: unaweka gia ya kwanza, unaachia klachi, chini kinagonga "ko!" kama mtu amepiga chesisi kwa nyundo. Ukiwa gia ya pili ukatoa mguu kwenye mafuta halafu ukakanyaga tena, "ko!" nyingine. Rivasi ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Na kilichonichanganya kabisa: nasimama kwenye kivuko, gari limeshatulia, ndipo kinagonga cha mwisho.

Fundi wa kwanza alisema shokapu. Nikabadilisha mbili za nyuma. Wa pili akasema mauntingi ya giaboksi, ule mpira unaoibeba, na kweli ilikuwa imechoka, kishindo kikapungua kidogo, ndiyo maana nikamwamini. Wa tatu alitaka kushusha giaboksi. Bei tulishaelewana, zilibaki siku mbili nipeleke gari.

Aliyeniokoa ni kijana mmoja anayepiga grisi malori. Alinisikia narudi nyuma akaniambia, "Kaka, hiyo propela yako ina njaa ya grisi." Propela ni lile bomba refu la chuma linalopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi ekseli ya nyuma. Akalala chini bila kuulizia hela. Akashika propela kwa mkono mmoja na flenji ya difu (lile sanduku la meno katikati ya ekseli) kwa mkono mwingine, akavizungusha kinyume huku na huku. Nikaona kwa macho yangu krosi ya nyuma, kile kiungo cha umbo la msalaba kinachoiacha propela ijipinde, inacheza. Pembeni mwa vikombe vyake palikuwa na vumbi jekundu kama unga wa tofali. Akanieleza kwamba ndani ya vile vikombe kuna visindano vyembamba vya chuma. Grisi ikiisha na maji yakaingia, visindano vinasagika na kutoa kutu ile.

Kisha akanionyesha pale propela inapoingia ndani ya mwenzake, meno kwa meno. Ekseli ya nyuma inapanda na kushuka na springi, kwa hiyo propela lazima irefuke na kufupika. Meno yakikauka yanang'ang'aniana, halafu yanaachia kwa ghafla. Kile kishindo cha gari likiwa limeshasimama kilikuwa hicho.

Krosi mpya mbili na grisi, basi. Vichuchu viwili vya kupigia grisi vilikuwa vimezibwa na tope gumu kama saruji, maana yake kwa miaka hakuna aliyevigusa.

Sasa tupeane uzoefu. Gari lako liligonga wakati gani: ukiondoka, ukifunga breki, ukikata kona? Ulikuta nini? Tafadhali semeni mlivyogundua, msitaje kifaa peke yake.

Mama Viazi, Njombe

Asante kwa uzi, kaka. La kwangu lilikuwa linagonga ukifunga breki, si ukiondoka. Nabeba viazi kutoka mashambani kuja Makambako, pikapu kabini moja. Nilikuwa nimeongeza mabapa mawili ya springi kila upande ili lisikae chini na mzigo. Kama mwezi baadaye nikifunga breki nasikia "kwang'" chini ya kiti changu, na gari linataka kuvuta kushoto.

Kijana wangu alisema ni breki. Tukafungua breki, nzima. Nikamwambia asimame nje kwa pembeni, mimi nilipeleke mbele, nifunge, nirudi nyuma, nifunge. Akapiga kelele, "Mama, tairi la nyuma linahama!" Kweli, tairi la kushoto lilikuwa linasogea ndani ya tao la bodi, mbele na nyuma. Yubolti, zile bolti za umbo la U zinazobana ekseli kwenye springi, zilikuwa zimelegea, na senta bolti inayoshika mabapa pamoja imekatika. Ekseli nzima ilikuwa inatembea.

Ukiongeza mabapa yanajilalia upya yakipata mzigo, yubolti zinabaki na nafasi. Ilitakiwa nirudi kukaza baada ya safari chache za kwanza, hakuna aliyeniambia. Dada zangu mnaofanya biashara ya mazao, tafadhali: ukitoka kuongeza springi, rudi ukakaze.

Fundi Mstaafu

Nimesoma vizuri. Nimeshika spana tangu 1979, magari ya kazi karibu yote, naomba nichangie kwa urefu kidogo.

Kwanza, kwa nini gia ya kwanza na rivasi? Gia hizo zinazidisha nguvu ya injini karibu mara nne kabla haijafika kwenye propela. Kila nafasi iliyopo kati ya giaboksi na tairi inakusanywa na kufungwa kwa pigo moja. Ndiyo maana kishindo ni kimoja hata kama vilivyochoka ni vinne. Mleta mada alibadilisha mauntingi, kikapungua, akaamini amefika. Kumbe alitoa kipande tu cha kile kishindo.

Gari liwe mahali tambarare, injini imezimwa, mawe mbele na nyuma ya tairi, gia nyutro. Usilale chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Nimezika mwenzangu kwa jambo hilo, sitaki kuliandika zaidi ya hapa.

Anza mbele uje nyuma. Shika kila krosi kama yule kijana alivyofanya. Krosi nzima haichezi hata kidogo. Ukifika katikati kwenye zile propela za vipande viwili, kuna senta beringi iliyoshikwa na mpira. Inua propela pale kwa mkono. Mpira uliochanika unaifanya iruke, na hugonga zaidi ukiondoka na mzigo. Ukimaliza, zungusha propela kwa mkono uone inatembea kiasi gani kabla difu haijashika. Kidogo ni kawaida, meno ya difu lazima yawe na nafasi. Ikitembea sana na krosi zote ni nzima, shida ni difu.

Ukishusha propela, weka alama ya rangi kabla hujafungua nati hata moja. Krosi iliyokaa kwa pembe haitoi mzunguko sawa: katika kila mzunguko inakimbia mara mbili na kupunguza mara mbili. Krosi ya upande wa pili inapangwa ili ifute kasoro hiyo. Ukirudisha meno ya propela mahali pengine, hazifutani tena, zinajumlishana. Mteja atarudi kesho akilalamika gari linatetemeka, na utaanza kusingizia tairi. Kumbukeni kwamba mkiwa kilomita 80 kwa saa propela inazunguka zaidi ya mara 2,000 kwa dakika.

Grisi: kwenye krosi piga mpaka uone mpya inatoka kwenye vikombe vyote vinne. Kikombe kisichotoa ndicho kinachokufa. Lakini kwenye yale meno ya kuteleza, mara mbili au tatu inatosha. Nimeona watu wanapiga mpaka propela inarefuka yenyewe. Grisi haibonyei, siku gari likiruka tuta, propela haina pa kwenda, inasukuma beringi za giaboksi na difu.

Na msikivumilie kishindo hiki. Nilikuwa nyuma ya pikapu iliyokatika krosi ya mbele ikishuka mlima Kitonga. Propela ilianguka ikawa inapiga lami, na ukishaipoteza hiyo, injini haikusaidii tena kushikilia gari mlimani, unabaki na breki tu. Dereva alililaza kwenye ukuta wa mlima. Walishuka wote wazima.

Msomaji wa Dodoma

Shikamoo mzee. Hiyo ya alama ya rangi imenieleza kwa nini langu linatetemeka tangu Januari.

Fundi Mstaafu

Marahaba. Angalia masikio ya propela, yale yanayoshika krosi: pande zote mbili za kipande kimoja zinatakiwa zilale kwenye mstari mmoja. Utaona kwa macho, hata kipimo huhitaji.

Wa Nakuru

Wadau, hamjambo. Yangu ilikuwa diff, na nataka mjifunze kwa kosa langu la pili kuliko la kwanza.

Ilianza na kulia kama mbu ukiwa mwendo wa highway, halafu ukiachilia mafuta sauti inabadilika. Kugonga kukafuata baadaye. Mekanika alifungua nati ya kumwaga oili, ile yenye sumaku. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku si neno, kila diff inakuwa nao. Yangu ilikuwa na vipande vya kushikika kwa vidole, kimoja kina umbo la ncha ya jino. Oili yenyewe ilikuwa nyeusi na chache. Sili ya pinioni, ile inayozuia oili pale propela inapoingia kwa diff, ilivuja muda mrefu sikujali.

Nikanunua diff nzima ya mtumba, tukafunga, gari likawa kimya. Nikafurahi wiki tatu. Mvua ikanyesha, nikaweka foo wili, tairi zote nne zisukume, kwa barabara ya matope, ikaenda sawa. Nilipofika penye lami kidogo kabla sijaitoa, nilisikia mlipuko chini nikadhani nimegonga jiwe.

Diff niliyonunua ilikuwa ya meno 43 kwa 11. Ya mbele ni 41 kwa 10. Moja inazungusha tairi mara moja kwa propela mara 3.9, nyingine mara 4.1. Kwa matope tairi zinateleza, tofauti inapotea. Kwa lami haina pa kupotelea, chuma kinajikunja mpaka kitu kiachilie. Mungu alisaidia ni krosi iliyokufa, si transfa, ile boksi inayogawa nguvu mbele na nyuma. Kwa hivyo kama gari lako ni foo wili na unanunua diff, hesabu meno ya ile ya zamani na ya ile unayopewa, pale pale dukani, kabla hujatoa pesa.

Mzenji wa Maskati

Hili la foo wili lilinipata mimi bila ya kitu chochote kuharibika. Nalitoka mchangani, jangwa la Wahiba, pikapu yangu nimeinunua mtumba wiki mbili tu. Nikajaza upepo tairi, nikashika lami, nikasahau kurudisha lile gia dogo. Kila nikikata kona gari lazuwia, kisha "ngo!" chini. Nikaona nimeuziwa gari bovu. Ndugu yangu akanambia rudi nyuma kidogo, vuta lile gia. Likatoka, mlio ukaisha palepale. Gari hizi hazina difu ya kati. Kwenye kona tairi za mbele huenda njia ndefu kuliko za nyuma, na lami haiziachi ziteleze.

Dereva wa Kibaha

Kwangu ilikuwa tairi la akiba. Limening'inia chini ya kitanda cha pikapu kwa mnyororo, mnyororo umelegea, linapiga chesisi kila tuta. Nilishanunua krosi. Zipo ndani mpaka leo hazijafungwa.

Mnunuzi Mtarajiwa

Wakuu, Jumamosi naenda kuangalia pikapu Dar, dabo kabini ya 2010. Nikikataliwa kuingia nayo gereji, nifanye nini pale pale uani?

Mleta mada, Morogoro

Zima redio, kwanza hilo. Fungua vioo. Weka gia ya kwanza, achia klachi taratibu mpaka lianze kusogea, kanyaga klachi, weka rivasi, achia tena. Rudia mara tano karibu na ukuta, ukuta unakurudishia sauti. Halafu gia ya pili mwendo mdogo, toa mguu na kanyaga mafuta mara kadhaa. Mwisho lala chini na tochi uangalie vumbi jekundu kwenye vikombe vya krosi. Nguo zitachafuka, vaa za kazi.

Fundi Mstaafu

Ongeza moja, mwanangu. Pangusa vichuchu vya grisi kwa kitambaa. Ukikuta grisi laini, mwenye gari alikuwa anajali. Ukikuta tope limekuwa jiwe, shusha bei ya gari kwa gharama ya krosi zote na senta beringi, hata kama halijaanza kugonga.

Mnunuzi Mtarajiwa

Nimerudi na majibu. Kwenye ukuta lilikuwa kimya, ila nilipolala chini krosi ya kati, vikombe viwili vina kutu nyekundu na kichuchu kimoja hakipo kabisa, pamezibwa kwa kipande cha kuni. Nilipiga picha nikamwonyesha mwenye gari. Hakubisha, alisema hata yeye hajawahi kuingia chini. Tumeshushiana bei, nalichukua Jumatano, na kabla ya kurudi nalo Singida linapitia kwa fundi wa propela.

Mama Viazi, Njombe

Hongera mdogo wangu. Na yubolti pia, tafadhali.