Tupeane uzoefu: simu ya milioni na ushee, ilikupa nini ambacho ya laki tatu haina?

Wakuu, habari za jioni.

Naanza mimi. Miaka mitatu iliyopita nilichukua Samsung S21 Ultra, mtumba wa Dubai, pale Kariakoo kwa 1,150,000. Mke wangu aliuliza swali moja tu: "Hiyo inapika?" Sikuwa na jibu.

Juzi nimepiga hesabu. Miezi 36, ni kama 32,000 kwa mwezi. Shemeji yangu ndani ya muda huohuo kamaliza simu mbili za 350,000, kama 19,500 kwa mwezi. Tofauti ni 12,500. Je, nimefaidi vitu vya 12,500? Kamera ya kuvuta mbali, ndiyo: mahafali ya mwanangu nilikaa nyuma kabisa na uso wake nikaupata. Ila memori kadi haiingii (Samsung waliliondoa tundu lake kwenye hizi S21, mwaka 2021), GB 128 zimejaa, kila wiki nafuta video kama mtu anayepalilia. Na kwenye hesabu hiyo kioo hakimo, sijawahi kuvunja.

Karibuni. Semeni bei mlizolipa kweli, si za kuturingishia.

Fundi Vioo
Mleta uzi, usitamke hujavunja, maneno huumba.

Mimi niko mezani na bisibisi kila siku. Kinachowaliza watu si bei ya kununua. Simu ya laki tatu nabadilisha kioo kwa 60,000, mteja anaondoka anacheka. Hizi kali, kioo cha juu na kile kinachotoa picha vimegandishwa pamoja, ufa mdogo tu unang'oa vyote. Orijino inaweza kula karibu nusu ya hela uliyonunulia mtumba. Kopi zipo, ila rangi zinapauka na alama ya kidole inaanza kugoma.

Halafu hili la maji. Hiyo S21 ilipimwa ikiwa mpya, kwenye maji matulivu, mita moja na nusu kwa nusu saa. Nikishaifungua kubadili betri, gundi ya kiwandani imekatika. Fundi asipoweka nyingine kwa makini, hiyo si simu ya maji tena. Kuna kijana aliizamisha ya kwake kwenye ndoo kumwonyesha mchumba. Mchumba bado yupo, simu hapana.

Mama Keki
Nauza keki Tabata. Nilitoka kwenye Infinix nikaingia iPhone 13 ya mtumba, 1,300,000, hela ya mchezo. Niwaambie ukweli: dirishani saa nne asubuhi, picha za simu zote mbili zinakaribiana, mteja hawezi kujua ipi ni ipi. Pesa inaonekana usiku. Keki nyingi namaliza saa tano, jikoni kuna taa moja, na zamani kila krimu nyeupe ilitoka ya njano. Sasa inatoka nyeupe. Nimeirudisha hela yake kwa miezi saba hivi.

Kitu kingine: nilikuwa napiga picha nzuri halafu WhatsApp inaziminya, mteja anaona ukungu. Siku hizi natuma kama dokumenti. Hiyo ni bure, hata mwenye simu ya laki tatu afanye.

Kazee ka Mbezi
Betri mAh 5,000, laini mbili, tochi. Bei 280,000. Siku mbili sijatafuta chaja. Endeleeni.

Msukuma Mtulivu
Mimi yangu iPhone 14 iliyotoka Marekani. Ilikuwa chini kwa 200,000 kuliko zenzake, nikajiona mjanja. Nafika nyumbani natafuta tundu la laini, nageuza, nageuza, hakuna. Kumbe iPhone 14 za Marekani hazina tundu kabisa, tangu 2022 ni eSIM tupu, yaani laini iko ndani ya simu, haichomoleki. Muuzaji alijua, akanyamaza.

Nilienda duka la mtandao wangu wakaniwekea, ikakubali. Lakini zamani simu ikizima chaji nilikuwa nachomoa laini, natia kwenye kitochi, ujumbe wa M-Pesa unaendelea kuingia. Sasa ikizima, na mimi nimezima. Kwa sisi wa biashara ndogo jambo hilo ni kubwa kuliko megapikseli zote.

Wa Luthuli
Wazee, salamu kutoka Nairobi. Nilichukua ya kulipa kidogo kidogo. Dukani taslimu ilikuwa 45,000 za Kenya. Mimi nikaweka 12,000, kisha 150 kila siku kwa mwaka mzima. Jumlisheni wenyewe: 66,750. Na ukikosa kulipa, inajifunga. Ilinifungia nikiwa Nakuru kwa matanga, hata ramani ya kurudi siioni. Simu nzuri sana, sikatai. Lakini nililipa zaidi ya elfu ishirini kwa kukosa subira.

Binti Tanga
Samahani kaka zangu, nina milioni moja mkononi, nataka mtumba. Nikague nini nisije nikalizwa?

Fundi Vioo
Dada, piga *#06#, chukua namba ya IMEI (kitambulisho cha simu) uitume kwa SMS kwenda 15090 uone kama ni halali. Kisha muuzaji afute kila kitu mbele yako na simu iwake upya. Ikidai akaunti ya mwenyewe wa kwanza, irudishe hapohapo, usikubali "nitakutolea kesho". iPhone angalia afya ya betri, ikiwa chini ya asilimia 80 toa bei ya betri kwenye bei yake. Na uliza itapata masasisho hadi lini. S24 ya 2024 iliahidiwa miaka 7, za nyuma yake ni michache, na programu za benki zinaanza kukataa simu zilizozeeka.

Mleta uzi
Nimemwonyesha mke wangu maelezo ya Mama Keki. Kasoma mpaka mwisho, kanyamaza kidogo, halafu kauliza keki ya kilo mbili anauza shilingi ngapi.